Salamu za Maalim Silima

Baba yangu, Maalim Silima bin Shaame, alizaliwa Tumbatu na akaishi Malindi, mjini Unguja, kwa miaka mingi kuliko aliyoishi kwao. Asubuhi alisomesha Kurani. Baada ya sala ya alasiri alikaa sebuleni na kalamu yake ya utete, akawaandikia watu barua. Alikuwa hodari wa kila kitu, baba yangu, isipokuwa kusema maneno mawili tu: nimekosa mimi. Nampenda, Mungu amrehemu, lakini nisipolitanguliza hilo nitakuwa nasimulia habari za mtu mwingine.

Wateja wake wakubwa walikuwa Wamanga, yaani Waarabu waliokuja wenyewe kutoka Omani kutafuta maisha, si wale waliozaliwa hapa kwenye nyumba za ghorofa na mashamba ya karafuu. Hawa walikuwa wauza kahawa, wapika halua, wachukuzi wa bandarini. Wengi hawakujua kusoma. Walikuja kwa baba na maneno yao nusu Kiarabu nusu Kiswahili, na baba akayaweka kwenye Kiarabu kilichonyooka ambacho kingemfanya mchukuzi aonekane kadhi.

Sifa yake kubwa hasa ilikuwa salamu. Barua ya kwenda Omani ilikuwa haiishi kwenye habari; habari zilikuwa chache, fulani kaoa, fulani kafa, mvua imenyesha. Baada ya hapo ndipo zilipoanza salamu, na salamu ndizo zilizokuwa barua yenyewe. Kila mtu wa kijijini asalimiwe kwa jina lake na la baba yake, na kila mtu wa kijiji kile aliyeko Unguja atajwe kuwa anasalimu. Barua ikifika kule haikusomwa chumbani. Ilipelekwa kwenye baraza ya shekhe, ikasomwa kwa sauti baada ya sala, na watu wote walikusanyika kusikiliza nani katajwa na nani kasahauliwa. Kuna mzee mmoja aliwahi kurukwa, akaleta jibu la mstari mmoja kuuliza amekufa lini bila yeye mwenyewe kupewa habari.

Tangu siku hiyo baba hakumruka mtu. Alivihifadhi kichwani vijiji vitano ambavyo hakuwahi kuvikanyaga, na wapo Wamanga waliomjia yeye kuuliza majina ya wajukuu wa mashangazi zao. Mama yangu, Bi Mwanakheir, alikuwa akimtania, "Wa Omani wote unawajua, lakini siku ya kuzaliwa binti yako unaniuliza mie."

Binti mwenyewe ni mimi, Kazija. Mwaka ninaousimulia, elfu moja mia tisa hamsini na saba, nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kazi yangu alasiri ilikuwa kupika kahawa na kuipitisha chini ya pazia la sebuleni, na masikio yangu yalikuwa mazima.

Miongoni mwa wageni wetu walikuwapo wawili waliokuja pamoja siku zote: Masoud bin Saleh na Zahor bin Nasib. Walitoka kijiji kimoja, chini ya Jabali Akhdar, ule mlima mkubwa wa bara ya Omani. Walikuja Unguja mwaka ule ule mmoja, na walikuwa na jiko moja la halua nyuma ya msikiti wa Malindi. Halua haipikwi na mtu mmoja. Mmoja anakoroga sufuria ya shaba bila kusita, mwenzake anaangalia moto na kumimina samli kidogo kidogo, kisha wanabadilishana, na mkono ukisimama tu wanga umeshika chini. Miaka kumi na minane walibadilishana mwiko ule.

Masoud alikuwa mnene, mwenye sauti, mwepesi wa kucheka na wa kulia. Zahor alikuwa mkimya, na alijua kuandika barua zake mwenyewe, jambo ambalo baba hakulipenda sana. Alimuoa Bi Mashavu, mwanamke wa Makunduchi, wakakaa Kikwajuni. Mama yake Zahor alikuwa dada wa shekhe wa kijiji chao. Hapa Unguja hilo halikuwa na maana yoyote zaidi ya utani. Masoud akitaka kuni alisema, "Hebu mpwa wa mkubwa atuletee kuni."

Sasa vita. Nitavieleza kwa ufupi, maana hata waliokuwa wakipigana sidhani kama wote walivielewa. Omani ilikuwa na wakubwa wawili. Pwani, Maskati, alikuwapo Sultani, na nyuma yake Waingereza. Bara, milimani, walikuwapo watu wa Imamu, na nyuma yao Misri na Saudia. Katikati walikuwapo mashekhe wa makabila, kila mmoja na bunduki zake na hesabu zake, leo kwa Imamu, kesho kwa Sultani, kutegemea nani kaleta nini na ndege za nani zinapita juu. Waingereza hao ndio hao waliokuwa wakitutawala sisi hapa, wakitupimia mitaro na kutufundisha kupiga kura. Huko walikuwa wakitupa mabomu juu ya ngome za udongo.

Mwezi wa Julai redio ilisema watu wa Imamu wamerudi na wameushika mji wa Nizwa. Malindi ilikuwa kama Idi. Mwishoni mwa mwezi huo msafiri mmoja aliyefika kwa meli kupitia Mombasa alimletea Masoud habari kwamba mdogo wake, Nabhan, amechukua bunduki na kuingia ngomeni pamoja na vijana wanane wa kijiji chao. Shekhe wao, mjomba wake Zahor, naye alikuwa upande wa Imamu. Basi Masoud hakulala na neno. Kila aliyekuja kununua halua alipewa na habari za Nabhan.

Mwanzoni mwa Agosti palikuwa na vyombo vya kwenda Omani kabla pepo hazijageuka. Masoud akaja kuandikiwa barua kwa mama yake, na Zahor akaja naye kama kawaida. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na birika.

Masoud alisema ya kwake: tumefurahi, tunamshukuru Mungu, mama usiwe na wasiwasi. Kisha akasema, "Na salamu, Maalim, kama kawaida yako."

Baba akachovya kalamu. Hapo ndipo Zahor aliposema, taratibu, "Maalim, safari hii fupisha. Andika nyote mnasalimiwa, itatosha."

"Nifupishe kwa nini?"

"Mjomba wangu nnamjua. Leo yuko na Imamu kwa sababu Imamu yuko Nizwa. Barua hii itafika mwezi ujao au zaidi. Hatujui itamkuta yuko na nani."

"Barua isiyo na majina ni ya serikali," baba akasema, na nilijua kwa sauti yake kuwa ameguswa pabaya. "Mie siandiki matangazo."

Masoud akacheka. "Mpwa wa mkubwa kashikwa na woga. Andika, Maalim, andika!"

Baba akaandika. Na kwa kuwa alikuwa amechokozwa, aliandika kuliko siku zote. Alimaliza akaisoma kwa sauti, na nikasikia jinsi alivyomsalimu Nabhan bin Saleh "na bunduki iliyo begani mwake," na wale vijana wanane mmoja mmoja, jina na jina la baba, "mlioingia pamoja katika ngome." Masoud hakuyasema hayo. Alisema Nabhan asalimiwe tu. Bunduki na ngome na majina manane baba aliyatoa kwenye kichwa chake, ambacho kilikuwa hakisahau kitu. Masoud alilia kwa furaha. Zahor alikunywa kahawa yake, akaomba ruhusa akatoka.

Siku kumi baadaye ndege zilikuwa zimeshafanya kazi yake, Nizwa imerudi mikononi mwa Sultani, na watu wa Imamu wamekimbilia juu mlimani. Barua yetu ilikuwa baharini. Baba alisikia habari hizo redioni. Kwa muda wa miezi mitano nilimwona akiwauliza wageni wa bandarini habari za kijiji kile kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya ngisi, na sikuelewa kwa nini. Sasa naelewa.

Jibu lilikuja Januari na majahazi ya kaskazi. Masoud alileta barua ikiwa bado imefungwa, akakaa mahali pake. Zahor alikuwa jikoni, maana siku hiyo sufuria ilikuwa motoni. Baba akafungua, akaanza kusoma.

Barua ilitoka kwa mama yake Masoud, kwa mkono wa mwalimu wa kijiji. Ilisema shekhe alikwenda Maskati, akapewa amani, akarudi akiwa mtu wa Sultani. Ilisema Nabhan aliteremka kutoka ngomeni usiku wa mabomu, akatupa bunduki, akarudi kumwagilia mitende yake, na alipoulizwa alisema alikuwa pwani akinunua papa mkavu. Aliaminiwa, au shekhe aliamua kumwamini. Alikaa hivyo wiki tano. Kisha akachukuliwa, yeye na watano kati ya wale wanane, wakapelekwa gerezani Maskati. Nyumba ikavunjwa. Nabhan akafa humo kwa homa, na kaburi lake mama hajaonyeshwa.

Masoud alitoa sauti ambayo sitaki kuieleza. Baba aliacha kusoma. Nilidhani ameacha kwa heshima.

"Nani kamtaja?" Masoud akauliza. "Kama shekhe alishamwamini, nani kamwambia?"

Baba akaitazama tena ile karatasi.

"Maalim, haikuandikwa nani kamtaja?"

"Haikuandikwa," akasema baba yangu.

Aliikunja ile barua, akamrudishia, kwa kuwa barua ya mtu ni amana na mwandishi hakai nayo. Masoud alipoondoka, baba alimwita mama, akaketi mkekani, akamwambia kilichokuwamo. Mistari minne aliiruka alipokuwa akimsomea Masoud. Mama yake Masoud aliandika hivi: barua yenu ilisomwa mbele ya shekhe na maofisa wa Sultani, na tulipofika kwenye salamu za Nabhan na bunduki yake, mwalimu alikuwa ameshasoma nusu kabla hajaona anasoma nini. Mwambie mwandishi wako kwamba simlaani. Mwambie lakini ajue.

"Utamwambia," mama akasema.

"Nitamwambia. Si leo. Leo ana msiba." Kisha akatazama kwenye pazia. "Kazija, neno hili lisitoke mlango huu."

Nikasema, "Naam, baba." Nimeyajutia mengi, lakini hiyo naam nitakwenda nayo kaburini.

Masoud alitafuta mtu wa kumlaumu na hakwenda mbali. Chombo kile kile kilichochukua barua yake kilichukua pia barua ya Zahor kwa mjomba wake, barua aliyoiandika mwenyewe, bila shahidi. Tena Zahor ndiye aliyesema mambo yatageuka. Alijuaje? Mpwa wa mkubwa, ambalo lilikuwa neno la kuchekea, likawa hukumu. Masoud aliingia jikoni mbele ya wateja, akamnyang'anya mwiko, akamwambia kuwa ameiuza damu ya Nabhan. Zahor alisema, "Wallahi sikumtaja," mara moja tu. Hakuwa mtu wa kurudia.

Wamanga wa Malindi waliamini upesi, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na jamaa mlimani na hasira ya kuiweka mahali. Zahor akiingia mkahawani watu walihama benchi. Hapa Unguja penyewe, tangu ule uchaguzi wa mwanzo, watu walikuwa wameshaanza kugomeana maduka, harusi, hata mazishi, kwa hiyo kumgomea mtu mmoja zaidi hakukumshangaza mtu. Masoud alibaki kukoroga peke yake. Halua yake ikawa na harufu ya kuungua, watu wakainunua hivyo hivyo kwa kumwonea huruma. Mimi sikuila. Nilikasirika na halua kwa sababu sikuweza kumkasirikia baba kwa sauti.

Baada ya wiki tatu hivi Zahor alikuja kwetu, peke yake, akakaa pale pale. Nilipitisha kahawa.

"Maalim," akasema, "wewe umeisoma barua ile. Mimi nimetajwa?"

"Hukutajwa."

"Basi mwambie Masoud. Wewe atakuamini."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nipe nafasi kidogo, Zahor. Moyo wake bado moto."

Zahor akasema, "Haya." Hakumwuliza nani basi aliyetajwa. Wakati mwingine naona alikuwa anajua, kwa sababu yeye ndiye aliyeisikia barua yetu ya Agosti ikisomwa, akatoka. Kama alijua, hakutaka kulitoa neno hilo mdomoni mwa baba kwa nguvu; alitaka litoke lenyewe. Alirudisha kikombe chini ya pazia akasema, "Ahsante, Bi Kazija, kahawa yako nzuri." Mimi nilikuwa na maneno yote mdomoni na nikasema, "Karibu tena, Ami Zahor."

Alikuja tena mwezi uliofuata, na mwezi wa pili yake. Kila mara baba alimwambia bado kidogo. Na kila Ijumaa, baada ya sala, Masoud naye alikuja, akanywa kahawa, akalia kidogo, akaondoka, na baba hakumwambia kitu. Mama aligombana na baba mpaka akachoka. Ilipofika Ramadhani wakawa hawazungumzi isipokuwa habari za futari.

Mwezi wa Septemba, mwaka wa hamsini na nane, Zahor aliondoka. Alimwambia mkewe anakwenda kijijini kwa mama yake Masoud, aandikiwe kwa mkono wa mwalimu yule yule kwamba hakumsema Nabhan, na atarudi na kaskazi. Bi Mashavu alimwambia, "Barua hiyo si ipo hapa mjini? Mbona uende mpaka Omani?" Akamjibu kuwa ya hapa mjini haina msomaji.

Kaskazi ikaja, yeye hakuja. Katikati ya Februari tukapata habari mbili kwa chombo kimoja. Moja, mlima umetekwa na askari wa Kiingereza, vita vimekwisha. Pili, Zahor bin Nasib alipanda lori kutoka pwani kwenda kwao, na lori likapita juu ya bomu la kutegwa njiani. Mabomu hayo yaliletwa kutoka nje kama ndege zilivyoletwa kutoka nje, na yalifukiwa na watu wa Imamu kwa ajili ya watu wa Sultani. Huku kwetu Zahor alisemwa kuwa mtu wa Sultani. Kule njiani hakuwa mtu wa yeyote, alikuwa abiria.

Matanga yalikuwa Kikwajuni. Wanawake tulijaa. Upande wa wanaume walikuja watu wa Makunduchi na majirani, lakini kutoka Malindi, ambako Zahor alifanya kazi miaka kumi na minane, hakuja mtu. Siku ya tatu sikuweza tena. Nilivaa buibui langu nikavuka Darajani, nikaenda moja kwa moja kwenye jiko la halua. Masoud alikuwa anakoroga.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, Kazija. Baba hajambo?"

"Ami Masoud, Zahor hakumtaja ndugu yako. Ni ile barua yenu. Mama yako aliandika, baba aliruka. Zile salamu, Ami. Bunduki na ngome. Zilisomwa mbele ya shekhe."

Nilidhani ataniangushia sufuria. Aliendelea kukoroga.

"Nnajua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Ramadhani. Alikuja kijana wa kwetu kutoka Pemba, anajua kusoma. Nikampa ile barua anisomee tena. Nilitaka kusikia jina la Nabhan tu, basi. Akaisoma yote."

Ramadhani ilikuwa mwezi wa Machi. Zahor aliondoka Septemba. Nilihesabu pale pale nimesimama.

"Ulimwacha aondoke," nikasema. "Miezi mitano na zaidi, Ami. Alikuwa akipita hapa mlangoni kila siku."

"Ilikuwa barua yangu," akasema. Machozi yalikuwa yakimtoka na mkono hausimami. "Baba yako kaandika, lakini mie ndiye niliyesema andika. Zahor kasema fupisha, mie nikamcheka. Ningemwambia nini? Kwamba nimemuua ndugu yangu kwa salamu? Hata kabla ya kusomewa mara ya pili moyo ulikuwa ukinambia. Ilikuwa rahisi awe Zahor. Kisha nikasema, nitamngoja Maalim aanze. Yeye mwanachuoni. Akianza yeye, na mie nitasema. Kila Ijumaa nilikwenda kumngoja aanze."

Nilirudi nyumbani. Baba alikuwa na kitabu mapajani, hasomi. Nikamwambia nilikotoka, na nikamwambia kwamba Masoud anajua, tangu Ramadhani.

Alivua miwani. "Na alikuwa akija kunywa kahawa yangu?"

"Na wewe ulikuwa ukimpa."

Sijawahi kumjibu baba yangu hivyo kabla ya siku ile wala baada yake. Hakunikemea. Alivaa kanzu safi, akaniambia nitangulie Kikwajuni.

Walifika Kikwajuni kabla ya magharibi, pamoja, baba na Masoud, wakakaa kwenye baraza ya nje. Watu waliokuwapo wakawapisha. Bi Mashavu alikuwa amekaa eda, kwa hiyo hakuweza kutoka mbele yao. Alikuwa ndani, nyuma ya mlango, na mimi nikawa katikati, nachukua maneno ya huku nayapeleka kule. Baba alisema pole zake kwa Kiarabu kizuri. Kisha kile Kiarabu kikamwishia, akasema kwa lugha yetu, mbele ya wote waliokuwapo, "Mwambie Bi Mashavu, mume wake hakumtaja mtu. Ni mie niliyeandika. Nilijua tangu mwanzo. Nimekosa mie."

Masoud akasema, "Na mie nilijua."

Niliingia ndani. Bi Mashavu alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa ameegemeza ukutani, na hakika alishasikia kila kitu kupitia ule mlango. Hata hivyo nilimwambia yote, tangu mwanzo, kwa sababu ndicho nilichotumwa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Kawaambie nimepokea pole zao," akasema. "Na uwaambie mie sikuwa na haja ya kuambiwa. Nilikuwa nikilala naye, nnamjua. Aliyekuwa na haja ni yeye, na alikaa hapa mjini tangu kaskazi mpaka Septemba."

Nikatoka nikawaambia.